Kuskani kupitia mtandao kwenye ofisi yenye kompyuta za Mac, hatua kwa hatua

Maswali huja yale yale. "Mbona Mac yangu inachapisha vizuri lakini skana haionekani?" "Mashine inasema imeshindwa kuunganika, nimekosea wapi?" "Jana ilifanya kazi, leo imegoma." Nimeyajibu mara nyingi, mmoja mmoja, na sasa nayaweka mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa ofisi yenye mashine moja ya kuchapisha, kutoa fotokopi na kuskani, pamoja na Mac kadhaa zilizo kwenye mtandao mmoja. Si lazima uwe fundi wa mitandao. Tenga saa moja isiyo na haraka, na usiruke hatua.

Chagua njia kwanza

Kuna njia mbili, na wengi wanaokwama wamezichanganya bila kujua.

Ya kwanza ni kuvuta. Unakaa kwenye Mac, unaiamuru skana ianze, na ukurasa unatokea kwenye kioo chako. Inafaa kwa karatasi chache na kwa mtu anayetaka kuona picha kabla ya kuihifadhi.

Ya pili ni kusukuma. Unasimama mbele ya mashine, unaweka karatasi, unachagua jina kwenye paneli, na faili linatua kwenye folda iliyo ndani ya Mac fulani. Inafaa kwa mafungu makubwa ya karatasi, kwa sababu hakuna kwenda na kurudi.

Hata kama lengo lako ni kusukuma, anza na kuvuta. Ikifanya kazi, umeshathibitisha kwamba mashine na Mac zinaonana mtandaoni, na likitokea tatizo baadaye utajua usihangaike na waya wala ruta.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nenosiri la msimamizi wa Mac itakayopokea faili.
- Nenosiri la msimamizi wa mashine. Kama bado ni lile lililokuja nalo kutoka kiwandani, libadilishe leo. Kitabu cha anwani cha mashine kina majina na nywila za folda zenu.
- Ruhusa ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta, au mtu mwenye ruhusa hiyo akiwa karibu.
- Waya wa mtandao wa kuunganisha mashine na ruta, au na swichi, kile kisanduku cha kugawa waya za mtandao. Wi-Fi inawezekana, lakini kwa kitu kinachokaa pale pale miaka yote, waya hukuepusha na mengi.
- Kalamu na karatasi. Utaandika anwani mbili, jina moja la mtumiaji na jina moja la folda, na herufi moja ikikosewa kazi nzima inasimama.

Majina ya menyu nitakayotaja ni ya macOS Ventura ya 2022 na matoleo yaliyofuata, ambapo mipangilio huitwa System Settings. Kwenye matoleo ya nyuma utaikuta kwa jina la System Preferences na vitu vimepangwa tofauti kidogo, ila kazi ni ile ile.

Sehemu ya kwanza: anwani zisizohama

1. Nenda kwenye paneli ya mashine, fungua mipangilio ya mtandao, uandike anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni. Tuseme ni 192.168.1.20. Ukiona inaanza na 169.254, simama hapo: mashine haijapewa anwani na ruta, imejipa yenyewe. Kagua waya, zima mashine, iwashe tena.

2. Ingia kwenye ruta na uitengee mashine anwani hiyo, ili ruta isije ikampa mtu mwingine. Ruta nyingi zina sehemu ya kufunga anwani kwa kifaa fulani. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo chanzo kikubwa cha "jana ilifanya kazi". Ruta ikizimika na kuwaka, vifaa vinaweza kugawiwa anwani upya, na kila kilichoandikwa kwenye mashine kinabaki kikielekea mahali pasipo na mtu.

3. Kama utasukuma faili, itengee anwani na Mac itakayopokea. Tuseme 192.168.1.50. Angalizo kwa Mac inayotumia Wi-Fi: kuanzia macOS Sequoia, toleo la 15, kuna kipengele kinachoitwa "Private Wi-Fi Address", ambacho huipa Mac utambulisho bandia mbele ya ruta. Kikiwa kwenye "Rotating", utambulisho unabadilika kila baada ya muda na anwani uliyotenga haitashika. Fungua System Settings, Wi-Fi, kisha "Details" ya mtandao wa ofisi, ukiweke kwenye "Off" au "Fixed" kabla ya kutenga anwani.

Sehemu ya pili: kuvuta kutoka kwenye Mac

4. Fungua System Settings, shuka hadi "Printers & Scanners", bofya kitufe cha kuongeza. Subiri sekunde chache mashine itokee kwenye orodha. Ichague, kisha hapo chini penye "Use" chagua AirPrint au Secure AirPrint kama ipo, mfumo wa Apple usiohitaji programu ya mtengenezaji.

Usikimbilie kichupo cha IP na kuandika anwani mwenyewe. Najua kinavutia, maana anwani unayo mkononi. Lakini mashine iliyoongezwa hivyo mara nyingi huja kama printa peke yake. Upande wa skana haufuati. Hilo ndilo jibu la lile swali la kwanza kabisa hapo juu. Kama umeshaiongeza kwa njia hiyo, ifute na uiongeze upya kutoka kwenye orodha.

Mac huipata mashine kwa Bonjour, mfumo wa Apple wa vifaa kujitangaza kwa majirani. Tangazo hilo haliruki kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Mac iliyo kwenye Wi-Fi ya wageni haitaiona mashine iliyo kwenye mtandao wa wafanyakazi, hata zikiwa meza moja.

5. Fungua programu ya Image Capture, iliyomo ndani ya kila Mac. Mashine itaonekana upande wa kushoto. Ichague, bofya "Show Details", na mipangilio yote itafunguka. Chagua chanzo: kioo cha mashine, au kilishio cha juu kinachovuta karatasi zenyewe. Chagua folda ya kuhifadhia. Kwenye aina ya faili chagua PDF, na uweke tiki kwenye kuunganisha kurasa ziwe waraka mmoja, la sivyo kurasa 30 zitakuja kama mafaili 30.

6. Weka ubora. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu huamini kwamba namba kubwa ndiyo bora, halafu wanalalamika kwamba mtandao ni mzito.

Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, ni picha ya nukta 2480 kwa 3508. Kwa rangi, kabla ya kubanwa, hiyo ni kama megabaiti 26. Kwa kijivu ni karibu megabaiti 9. Kwa nyeusi na nyeupe tupu ni megabaiti 1 na kitu. Sasa panda hadi dpi 600: upana unazidi mara mbili, urefu mara mbili, kwa hiyo uzito unazidi mara nne, na ule ukurasa wa rangi unakaribia megabaiti 104. PDF hubana sana, lakini skana bado inapaswa kusoma nukta zote hizo na kuzichakata, na ndiyo maana taa inatembea polepole.

Kwa barua, mikataba na risiti, tumia dpi 300. Inasomeka vizuri na programu za kutambua maandishi zinairidhia. Dpi 600 iweke kwa picha au michoro midogo. Nyeusi na nyeupe tupu naikwepa kwenye waraka wenye muhuri au sahihi ya kalamu ya bluu, kwa kuwa muhuri uliofifia hupotea kabisa. Tumia kijivu au rangi.

7. Skani ukurasa mmoja. Ukitokea kwenye Mac, rudia hatua ya 4 hadi ya 6 kwenye Mac nyingine za ofisi. Wasiopenda kufungua programu nyingine wanaweza kuskani moja kwa moja wakiwa ndani ya Preview, kwenye menyu ya "File".

Sehemu ya tatu: kusukuma kutoka kwenye mashine

Chagua Mac ya kupokea. Iwe ile isiyohama na isiyozimwa: iMac ya mapokezi, au Mac mini iliyo kando. Kompyuta ya mapajani ya bosi haifai. Akifunga kifuniko inalala, na akiondoka nayo folda imeondoka.

8. Fungua System Settings, "Users & Groups", ongeza mtumiaji mpya wa aina ya "Sharing Only". Mtumiaji wa aina hii hawezi kuingia na kutumia Mac. Kazi yake ni folda za pamoja tu. Mpe jina la akaunti fupi, kwa mfano skana, kwa herufi ndogo na bila nafasi. Nenosiri liwe refu, lakini la herufi za kawaida na namba tu.

Nasisitiza herufi za kawaida kwa sababu niliwahi kupoteza alasiri nzima kwenye ofisi moja. Mashine ilikuwa inakataa kwa ujumbe wa "uthibitisho umeshindwa", huku nenosiri lile lile likikubali kwenye Mac jirani. Mfanyakazi aliyeweka karatasi alikuwa amesimama pembeni na mkataba wa kurasa 40 mkononi, anasubiri. Mwishoni nikamwomba aliandike nenosiri kwenye paneli huku nikitazama kidole chake. Kibodi ya paneli ilikuwa na mpangilio wa nchi nyingine, na alipogusa alama ya @ palitokea alama ya nukuu. Kwa kuwa paneli inaficha nenosiri kwa vitone, hakuna aliyeiona. Tuliondoa alama ile, na kurasa zote 40 zikapita.

9. Tengeneza folda. Mahali pazuri ni ndani ya folda ya Shared, iliyo kwenye Users. Iite Skani, neno moja. Usiiweke kwenye Desktop wala Documents: folda hizo mara nyingi zimeunganishwa na iCloud Drive, na macOS ina ulinzi wa ziada juu yake, hivyo unajiletea matatizo mawili kwa wakati mmoja.

10. Fungua System Settings, "General", "Sharing". Washa "File Sharing", kisha bofya alama ya i iliyo kando yake. Ongeza folda ya Skani kwenye orodha ya folda. Upande wa watumiaji, ongeza skana na umpe "Read & Write". Usimpe ruhusa ya kuandika tu. Mashine nyingi hutaka kusoma folda kwanza ili zijue kama jina la faili limeshatumika. Kwenye "Everyone" weka "No Access", kwa sababu humo zitapita barua za mishahara na nakala za vitambulisho. Wafanyakazi watakaochukua faili humo waongeze mmoja mmoja, au kwa kikundi.

11. Hapo hapo bofya "Options". Hakikisha kushirikisha kwa SMB, lugha ya kompyuta kupeana faili mtandaoni, kumewashwa. Chini yake kuna orodha yenye kichwa "Windows File Sharing". Weka tiki kwenye skana, na Mac itakuomba nenosiri lake. Liandike.

Hatua hii inawapita wengi kwa sababu wanasoma "Windows" na kusema sisi tuna Mac tu. Lakini mashine ya fotokopi si Mac. Kwa upande huu inajitambulisha kwa mtindo wa Windows, na bila tiki hiyo Mac haina nenosiri lililohifadhiwa kwa mtindo ambao mashine inaufahamu. Mac nyingine zitaingia bila shida, mashine itakataliwa, na utaapa kwamba nenosiri ni sahihi. Na kweli litakuwa sahihi.

12. Kabla hujagusa mashine, jaribu kutoka kwenye Mac nyingine. Ukiwa Finder bonyeza Command na K, andika smb://192.168.1.50, ingia kama skana na nenosiri lake. Folda ya Skani ifunguke, na uweze kuburuta faili lolote ndani yake. Kama hapa panakataa, mashine pia itakataa. Rekebisha kwanza.

13. Sasa mashine. Kwenye kivinjari cha Mac andika anwani yake, 192.168.1.20, na ukurasa wake wa mipangilio utafunguka. Kuandika hapa ni salama kuliko kuhangaika na kibodi ya paneli. Ingia kama msimamizi, fungua kitabu cha anwani, ongeza mpokeaji mpya wa aina ya SMB au folda ya mtandao, kisha jaza:

- Jina la kuonekana: lolote, mfano Mapokezi.
- Kompyuta: 192.168.1.50. Tumia namba, majina ya kompyuta hayatafsiriki vizuri kwenye mashine nyingi.
- Mlango (Port): 445. Ukikuta 139, huo ni wa zamani, ubadilishe.
- Folda: Skani. Ni jina la folda iliyoshirikishwa tu, si njia nzima inayoanzia Users. Baadhi ya mashine hutaka anwani na folda kwa pamoja, \\192.168.1.50\Skani.
- Mtumiaji: skana, yaani jina la akaunti. Jina kamili la mtu halifai hapa.
- Nenosiri: lile lile.
- Kikoa (Domain): acha wazi.

Mashine ikiwa na kitufe cha kujaribu muunganisho, kibonyeze. Kisha skani ukurasa mmoja wa kweli na uufungue kwenye Mac. Jibu la "imefanikiwa" kwenye paneli lisikutoshe. Nimewahi kukuta faili tupu la PDF.

14. Izuie Mac ya kupokea isilale. Kwenye iMac au Mac mini fungua "Energy" (au "Energy Saver", kutegemea toleo) na uwashe kipengele kinachozuia kulala kioo kinapozimika. Washa pia kile cha kujiwasha baada ya umeme kukatika. Kwenye kompyuta ya mapajani kipo "Battery", ndani ya "Options", na hufanya kazi ikiwa imechomekwa kwenye umeme.

Ikigoma

Skana imepotea kwenye Image Capture, lakini inachapisha. Kama iliongezwa kutoka kwenye orodha, mashine huenda imelala usingizi mzito: gusa paneli iamke, usubiri nusu dakika. Angalia pia kama Mac ina VPN iliyowashwa, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia ya siri. VPN nyingi hukata mawasiliano na vifaa vya jirani, na ukiizima skana inarudi papo hapo.

Image Capture inaiona, programu ya mtengenezaji haiioni. Kwenye Sequoia na baadaye, kila programu lazima ipewe ruhusa ya kuzungumza na vifaa vya mtandao wa ndani. Fungua "Privacy & Security", kisha "Local Network", uiwashie. Watu hubofya "usiruhusu" siku ya kwanza na kusahau. Kama programu yenyewe ni ya kabla ya 2019, yawezekana ni ya biti 32, na hizo zilikoma kufanya kazi tangu macOS Catalina. Iache, baki na Image Capture.

Mashine inasema haiwezi kuunganika. Hili ni la njia, si la nenosiri. Je, Mac imelala? Anwani yake bado ni ile uliyotenga? Fungua "Network", kisha "Firewall": kama kuzuia miunganisho yote inayoingia kumewashwa, kushirikisha faili kumezuiwa pia.

Mashine inasema uthibitisho umeshindwa. Njia iko sawa, tatizo ni utambulisho. Rudi hatua ya 11, toa tiki, iweke tena, andika nenosiri upya. Kama ulibadilisha nenosiri la skana hivi karibuni, mashine bado ina la zamani. Kagua na saa ya mashine, hasa tarehe na mwaka. Iliyopotea sana inaweza kuvuruga uthibitisho. Kwenye mipangilio ya usalama ya mashine, kama kuna chaguo la NTLM, mtindo wa Windows wa kuthibitisha nenosiri, chagua NTLMv2.

Kila kitu ni sahihi na bado inakataa, na mashine ni ya miaka mingi. Huenda inajua SMB toleo la 1 tu, ilhali Mac za sasa zinapokea toleo la 2 na la 3. Tafuta sasisho la programu ya ndani ya mashine kwa mtengenezaji. Likikosekana, usihangaike kushusha usalama wa Mac. Tumia njia ya kuvuta, au utume kwa barua pepe ikiwa mashine inaweza kutumia mlango wa 587 wenye usimbaji. Kwa barua pepe ya Google utahitaji nenosiri maalumu la programu, si lile unaloingilia kila siku.

Ilifanya kazi hadi umeme ulipokatika. Mac imejiwasha yenyewe, taa inawaka, lakini mashine haiipati. Kama FileVault, kipengele cha Mac cha kufunga diski kwa usimbaji, imewashwa, diski imefungwa mpaka mtu aandike nenosiri, na kabla ya hapo folda za pamoja hazipo mtandaoni. Usizime FileVault kwa sababu hiyo. Andika kwenye kijikaratasi, ukibandike juu ya mashine: umeme ukirudi, ingia kwanza kwenye Mac ya mapokezi, ndipo uskani.